TAHADHARI: Muuza senti kumi za tundu za 1936 amenipiga laki na themanini

Jamani, nimelizwa. Naandika mikono bado inatetemeka.

Nakusanya sarafu za tundu za kikoloni za Afrika Mashariki, na pengo la 1936 kwenye albamu yangu mnalijua. Baada ya kujuta mwezi wa tatu kwa kununua sarafu kwa picha, niliapa sinunui tena hivyo, kwa hiyo huyu nilimwambia tuonane uso kwa uso. Akakubali papo hapo. Moyo ukatulia, maana tapeli gani anakubali kuonekana sura?

Tulikutana mgahawani Mnazi Mmoja, magharibi imeshaingia, juu ya meza taa moja ya njano. Akatoa kikaratasi kigumu chenye dirisha la nailoni, kimebanwa pini pande zote. Ndani, senti kumi ya Edward wa Nane, mfalme wa Uingereza, yenye herufi H, alama ya kiwanda. Upande mmoja taji, upande wa pili pembe za ndovu zimekumbatia tundu, na yote inawaka! Nikanyoosha mkono nifungue. Akaniwahi: "Dada yangu, usiitoe, jasho la kidole linaharibu shaba."

Na ni kweli linaharibu, hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nikarudisha mkono, tena nikaona haya, kama vile nimekosa adabu mbele ya mtu anayejua kuliko mimi.

Maneno anayo. Alinieleza H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni Kings Norton. Kwamba Edward alitawala Januari hadi Desemba 1936 akaacha ufalme hata hajavishwa taji, na kwamba sarafu zetu za tundu hazikuhitaji sura ya mfalme, jina tu, ndiyo maana zikawahi kutoka kwa jina lake. Yote sahihi. Hata hakudai ni adimu! Mimi mwenyewe najua zilipigwa kwa mamilioni, iliyochakaa haina bei. Nilicholipia ni ule wekundu wa kiwandani, rangi ya shaba ambayo haijatumika. "Hii imetoka mfuko wa benki, haijaguswa." Akaongeza ya 1956 ya Elizabeth na sarafu tatu za senti tano. Laki na themanini, nikamtumia kwa simu palepale.

Asubuhi nikakifungua kile kikaratasi kando ya dirisha la nyumba. Cha kwanza harufu, ile dawa ya kusugulia vitasa vya shaba. Kwenye herufi za EDWARDVS umeganda unga mweupe, nikauchokoa kwa kijiti cha meno ukatoka kama chokaa. Nikaiinamisha kwenye mwanga: mikwaruzo myembamba tele, yote imelala upande mmoja. Ncha za pembe za ndovu zimelika, bapa kabisa. Ni sarafu iliyopita mikononi mwa watu miaka na miaka, ikasuguliwa mpaka ikawa ya waridi kama sufuria. Ya 1956 vivyo hivyo.

Nikapiga. Mara ya kwanza: "Hayo ni mafuta ya kuhifadhia." Mara ya pili: "Dada, biashara ilishaisha." Mara ya tatu hapatikani.

Hela inauma, lakini anachokifanya kwa sarafu zenyewe kinaniuma zaidi. Shaba ikishachubuliwa ngozi yake hairudi. Senti imevumilia masanduku ya bibi zetu, chumvi ya pwani, zaidi ya miaka 80, halafu mtu mmoja anaimaliza kwa kitambaa ili apate laki! Huyu atolewe kwenye magrupu yote, asiuziwe, asinunuliwe, arudishe hela ya kila aliyempiga. Polisi nimeshafika na nitarudi Jumatatu. Wanaomjua waiambie familia yake pia, ijue kazi anayofanya.

Dalili, kwa haraka maana nimechoka: anapenda jioni, hataki ufungue, na pini zilikuwa mpya zinang'aa kwenye karatasi ya zamani. Halafu angalieni ndani ya tundu, ule ukuta wake. Kwenye yangu ulikuwa bado mweusi tii, kitambaa hakikufika. Ningemulika tochi ya simu ningeliona palepale mezani.

Aliniambia anazo KN nyingine tano za mwaka huohuo. Kama kuna aliyeahidiana naye wiki hii, asiende.