Kidude cha 65,000 Kilichoiokoa Injini Yetu Kolo

Kabla hujaipita video hii, tazama namba hapa kwenye kioo. 88. Ni nyuzi za joto la maji ya injini. Mnaiona? Leo naizungumzia namba hiyo karibu video nzima.

Karibuni tena wadau. Niko Kisasa, Dodoma, ndani ya Bi Mkubwa, basi letu dogo la dizeli tulilolifanya nyumba. Mliokuwa mnangoja video ya friji ya sola, nisameheni, inakuja Jumamosi. Imecheleweshwa na haya ninayowasimulia.

Kidude chenyewe kinasoma kompyuta ya gari. Unakichomeka kwenye soketi ya matundu 16 chini ya usukani, kioo kinakaa juu ya dashibodi. Kasi, mizunguko ya injini, volti za betri, hayo mnayajua, tuyaache. Mimi nakipendea kitu kimoja: joto la maji kwa namba, na kengele unayoipanga mwenyewe. Yangu nimeiweka 104.

Wiki mbili zilizopita tulitoka hapa asubuhi. Mayamaya, Chemba, Kondoa, safi kabisa. Tukaipita Kolo, kwenye njia ya kwenda kuona ile michoro ya miambani, tukaanza kupanda kuelekea Bereko. Jua la saa nane, tangi la maji ya matumizi la lita 80 limejaa, watoto wamelala nyuma. 92. 95. 99. Nikamwambia mama watoto, hii namba haishuki. Akatazama sindano ya joto kwenye dashibodi: "Baba, mbona iko katikati?"

Na kweli ilikuwa katikati! Hapo ndipo watu wanapoua injini. Sindano za magari mengi zimetengenezwa zitulie katikati hata joto likicheza, zisimtie dereva wasiwasi. Ukiiona inapanda, umeshachelewa. 103, 104, kengele ikalia. Sikilizeni... Mnasikia ukali wake? Muziki hauwezi kuufunika.

Sasa nawaonyesha nilichofanya. Injini inaunguruma tangu tulipoanza kurekodi, tumefika 94. Nafungua hita mpaka mwisho. Feni mpaka mwisho. Vioo chini. Ndiyo, hita, na jua hili la Dodoma! Hita ni rejeta ndogo, inalitoa joto kwenye maji ya injini na kulileta humu ndani. Mimi natoka jasho, lakini tazameni kioo. 93... subirini... 92... 91! Siku ile ilishuka kutoka 104 hadi 98 kabla hatujapata pa kuegesha.

Tulipoegesha sikuzima injini hapo hapo. Belti inayozungusha pampu ya maji ilikuwa nzima, maji yapo, nikaiacha ingurume taratibu ili maji yazunguke. Belti ikikatika, zima mara moja. Na mfuniko wa rejeta, nawaombeni sana, msiufungue wa moto. Nilingoja mpaka namba ikasoma 45.

Kumbe mbaya ni mfuniko wenyewe, mpira wake umepasuka. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko wenye alama ya 1.1, yaani presha ya baa 1.1, ukiwa mzima unabana presha, hayachemki mpaka yakaribie 120. Wangu ulikuwa haubani sawasawa, maji yanatoka kidogo kidogo. Bodaboda mpaka Kondoa, mfuniko mpya 15,000, tukaendelea na safari.

Fundi mmoja pale alitaka kutoa themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Nikakataa! Jamani mafundi wetu, kila gari ikichemsha, toa themostati. Ukiitoa, kwenye tambarare injini inakaa ya baridi, inakula mafuta, na mlimani inachemsha vile vile, maana ugonjwa uko palepale. Na tumieni kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Maji ya visima vya huku yana chumvi, angalia birika lako la chai lilivyoganda weupe, ndivyo rejeta inavyoziba.

Kuna wenzangu wanasifia kile cha 25,000 kinachounganishwa na simu kwa bluutuuthi. Ninacho. Simu ikipigwa, namba zinapotea, na juani simu yenyewe inapata moto inazima. Kwenye video ya kwanza nilisema hiki cha 65,000 ni ghali. Nafuta kauli.

Ila gundi yake ni mbovu, imeyeyuka siku ya tatu, nimefunga kwa waya. Na ukikiacha kimechomekwa mmeegesha siku mbili kinanyonya betri, kwa hiyo jioni nakichomoa. Kingine, soketi kuwa na matundu 16 haitoshi, baadhi ya magari ya zamani ya Japani hayasomeki. Mwambie muuzaji akijaribu kwenye gari yako, ukiiona namba ya joto ndipo utoe hela.

Tumerudi 88. Nafunga hita.