Kioo cha simu kinakuumiza macho na kichwa? Simu za kununua, nimezipanga kuanzia ya kwanza mpaka ya kuikimbia

Mwaka jana nilipima malaria mara mbili ndani ya mwezi mmoja, zote hamna kitu, presha iko sawa, nikaenda kwa mtu wa macho nikatoka na miwani, na bado kila ikifika saa nne usiku kichwa kinaanza kugonga hapa juu ya jicho la kulia na macho yanawaka kama nimetoka kukata vitunguu. Panadol nilikuwa natembea nazo mfukoni. Mama akawa anasema unakaa sana kwenye simu mwanangu, nami nikawa nakubali maana ni kweli nasoma sana usiku.

Siku moja simu ikaharibika sehemu ya chaji, fundi akakaa nayo siku nne, nikarudi kwenye simu yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka kona. Masaa yale yale, kitanda kile kile, taa imezimwa kama kawaida, na kichwa kimya siku zote nne. Nimeenda kuchukua simu kwa fundi, usiku wa pili tu kichwa hicho hapo. Ndo nikaanza kufuatilia hivi vioo vinafanyaje kazi, na leo ndugu na majirani wote wanaotaka kununua simu wanapita kwangu kwanza, kwa hiyo naandika yote hapa.

Simu ya zamani ilikuwa na kioo cha LCD, mpya ilikuwa AMOLED. LCD ina taa nyuma ya kioo, ukipunguza mwanga simu nyingi zinapunguza umeme unaoenda kwenye hiyo taa, basi. AMOLED kila kidoti kinawaka chenyewe, na nyingi ukipunguza mwanga hazipunguzi kweli, zinachofanya ni kuwaka na kuzima haraka haraka sana, na kadiri unavyoshusha mwanga ndivyo muda wa kuzima unavyokuwa mrefu kuliko wa kuwaka. Wenyewe wanaita PWM. Jicho halioni kuzima huko, wewe unaona kioo kimefifia tu, ila kwa baadhi yetu macho na kichwa vinalipia. Na ndio maana usiku ni mbaya zaidi kuliko mchana, usiku wote tunashusha mwanga.

Sasa inazima mara ngapi kwa sekunde ndo swali la kuuliza. iPhone nyingi zenye OLED (ukoo ule ule wa AMOLED) tangu iPhone X ya 2017 ziko kati ya mara 240 na 480 hivi, Samsung Galaxy S za miaka mingi nazo zilikuwa kwenye 240 hivi. Wataalamu wa umeme wa IEEE walitoa mwongozo wao wa taa za LED mwaka 2015, unaitwa 1789, na kwa taa inayozima kabisa wanasema ikivuka 1250 Hz (Hz ni mara ngapi kwa sekunde) hatari ni ndogo, ikivuka 3000 Hz hamna cha kuhofia. Ule mwongozo ni wa taa sio wa simu lakini unakupa pa kushikia. Ukiona mtu analipa mamilioni kwa simu inayopepesa 240 alafu mwingine ana ya laki na kitu isiyopepesa kabisa unaelewa kwamba bei haikulindi kichwa.

Hapa naomba mnielewe, sio kila mtu anaumia. Simu yangu ile ya AMOLED sasa hivi anatumia mdogo wangu na hana habari, analala nayo usoni. Kama wewe uko kama yeye nunua unachopenda.

Alafu wauzaji wanachanganya watu sana na hii namba ya 120Hz. Utaambiwa "chukua hii kaka ni 120Hz haisumbui macho". Hiyo 120Hz ni picha inabadilika mara ngapi ukiskroli, haihusiani na mwanga kuzima. Simu inaweza kuwa 120Hz na bado ikakuua kichwa.

Pima kabla hujatoa hela

Hii ndo sehemu ya muhimu kuliko orodha yenyewe maana modeli zinabadilika kila baada ya miezi miwili. Nenda dukani na simu nyingine yenye kamera yenye sehemu ya Pro. Ile unayotaka kununua fungua ukurasa mweupe, shusha mwanga mpaka kama robo, alafu kwenye kamera yako weka spidi ya shata 1/4000 au karibu na hapo, elekeza kwenye kioo. Ukiona milia minene myeusi inatembea kama ngozi ya pundamilia, hiyo inapepesa sana. Milia ikiwa myembamba imebanana, ni ile ya kasi kubwa. Ukiona kweupe tu kumetulia, umepata.

Huna kamera ya hivyo, chukua kalamu. Ingia kwenye kona yenye giza kidogo, kioo cheupe mwanga chini, punga kalamu haraka mbele ya kioo. Kwenye kioo kisichopepesa utaona ukungu wa kalamu umesambaa, kwenye kinachopepesa utaona kalamu nyingi zimesimama moja moja kama vidole.

Nilifanya hivi pale Kariakoo mtaa wa Aggrey, kijana wa duka akaniambia "bosi wangu hiyo kamera yako ndo mbovu". Sikubishana, nikahamisha kamera kwenye simu nyingine ya bei ya chini iliyokuwa pembeni kwenye kabati hilo hilo, kweupe kabisa. Akaninyang'anya simu yangu mwenyewe akaanza kupitisha kwenye kila simu iliyowashwa mezani, moja baada ya nyingine, akawa anaita na wenzake waje waone. Hakuwahi kuambiwa na yeyote, na anauza hizi simu kila siku.

Namba moja: LCD mpya ya bei ya kawaida

Kwa mtu anayeumwa kichwa hii ndo ya kwanza kwangu na sioni aibu kusema hivyo hata kama una hela ya zaidi. Redmi 13, Redmi 13C, Redmi 14C, Tecno Spark 20 na Spark 20 Pro, Infinix Hot 40 Pro, Samsung A05s na A06, zote hizi ni LCD. Utakosa weusi ule mzuri wa AMOLED kwenye muvi, na juani kioo kinafifia, mtu wa bodaboda atalalamika akiangalia ramani saa saba mchana. Ila utalala bila kichwa.

Angalia majina vizuri hapa maana mtu anaharibikiwa kwa neno moja. Redmi 13 ni LCD, Redmi Note 13 ni AMOLED. Spark 20 Pro ni LCD, ukiongeza ile alama ya kujumlisha, Spark 20 Pro+, ni AMOLED. Samsung A06 ni LCD, A15 na A16 ambazo watu wanaziona ndo za maana zaidi ni AMOLED. Dada yangu alinituma nimchukulie A06, dukani wakawa wanamshawishi kwa simu aongeze hela achukue A16, mimi nikasimama hapo hapo nikakataa maana najua kichwa chake na changu ni cha ukoo mmoja.

Na bado pima, maana zipo LCD chache ambazo taa yake ya nyuma nayo inapepesa.

Namba mbili: AMOLED ya kasi kubwa

Ukitaka rangi nzuri na kamera nzuri bila kurudi kwenye maumivu, hapa ndo pa kutafuta. Honor ndo wamelivalia njuga hili kuliko wote, Honor 90 ya 2023 ina 3840 Hz, Honor 200 hivyo hivyo, Magic6 Pro imefika 4320. Shida mtaani sizioni nyingi, na kioo kikipasuka kupata kingine ni kazi. Kwa hiyo kwa hapa kwetu ukweli ni Infinix Note 40 au Tecno Camon 30 Premier, zote wameandika 2160 Hz, au Redmi Note 13 Pro 5G yenye 1920.

Sema usiimeze ile namba ya kwenye boksi kama ilivyo. Mara nyingi ni kasi ya juu kabisa inayofikiwa, na kwenye viwango vingine vya mwanga simu inaweza kuwa inafanya tofauti. Pima kwenye robo, pima kwenye nusu, pima karibu na mwisho wa chini. Na ukiweza mwombe muuzaji mkubaliane kurudisha ndani ya siku mbili, wapo wanaokubali ukiwa mteja wa siku nyingi, maana mwili wako ndo kipimo cha mwisho, kuna watu hata 1920 inawasumbua.

Namba tatu: iPhone za LCD

Kama lazima uwe na iPhone basi XR, 11 ya kawaida, SE ya 2020 au ya 2022. Zote LCD. Sio 11 Pro, ile ni OLED. Nimeziweka ya tatu kwa sababu karibu zote utakazokutana nazo ni used na nyingi zimeshabadilishwa kioo, na kioo cha kubandikwa hujui kimetoka wapi wala kinapepesa vipi. Kwenye 11 ingia setingi, General, About, kama kioo kimeguswa na sio cha kwao itaandika pale kwamba kifaa hakijulikani. Kwenye XR na SE usitegemee hiyo, tegemea kipimo cha kamera.

Wengine wanafanya ujanja wa kuchukua iPhone ya OLED alafu fundi anaivisha kioo cha LCD, wenyewe wanaita incell. Inawezekana, lakini rangi zinashuka, chaji inaliwa haraka, na nimeshapima incell ya rafiki yangu ikawa na milia vile vile. Siwashauri.

Namba nne: iPhone 17

Hizi za 2025 zina setingi mpya ndani ya Accessibility, upande wa Display & Text Size, ya kuzima PWM. Ni hatua kubwa na nimefurahi kuiona, kelele za watu zimesikika. Ila bei yake kwa mtu anayetafuta tu kusoma bila kuumwa, hapana, ndo maana iko huku chini. Mwenye uwezo achukue, aiwashe hiyo setingi siku ya kwanza.

TCL wana zile NXTPAPER, ni LCD yenye kioo kisichong'aa kama karatasi, kwa macho ni nzuri sana na zingekuwa juu kabisa kama zingepatikana kirahisi. Ukiwa na mtu anatoka nje mwagize. Boox Palma ya wino wa elektroniki nayo ni tamu kwa kusoma lakini haina laini ya kupiga, sio simu.

Za kuikimbia

Kama tayari unajua unaumia, achana na iPhone za OLED kuanzia X mpaka 16, na Galaxy S, hata mtu akikuuzia kwa bei ya kutupa. Ni simu nzuri, kwa kichwa chako sio.

Na usinunue protekta za "blue light" wala ile miwani ya njano kwa ajili ya tatizo hili. Mwanga wa bluu na kupepesa ni vitu viwili tofauti, protekta haizuii kioo kuzima. Hata kwa uchovu wa macho wa kawaida, watafiti wa afya wa Cochrane walikusanya majaribio 17 wakatoa mapitio yao 2023, na kwa muda mfupi hawakuona dalili kwamba miwani hiyo inapunguza uchovu ukilinganisha na miwani ya kawaida.

Huna hela ya kubadilisha sasa hivi?

Kwa simu uliyonayo, pandisha mwanga halisi mpaka asilimia 70 au zaidi, alafu fifisha kwa programu. Android 12 kuendelea kuna Extra dim, iPhone kuna Reduce White Point, zinafanya rangi iwe nyeusi zaidi bila kuongeza muda wa kuzima. Xiaomi, Realme na OnePlus nyingi zina kitufe cha DC dimming au cha kuzuia kupepesa ndani ya setingi za kioo, kiko kimezimwa tangu kiwandani, kiwashe. Washa na taa ya chumba ukisoma. Mimi hizi zilinipunguzia kama nusu ya maumivu mpaka nilipopata hela ya LCD.

Na upepese macho wewe mwenyewe jamani, tukikodolea simu tunasahau kupepesa na macho yanakauka hata kwenye kioo kizuri. Kama umevuka 40 na unaisogeza simu mbali ili usome, hapo ni miwani ya kusomea unahitaji, sio simu. Na kichwa kinachokuja ghafla kwa nguvu, au kinachokuja na kutapika au kuona giza, nenda hospitali leo, usiisingizie simu.