Bourton mpaka Upper Slaughter kwa mguu: nyota nne

Kama uko Uingereza na milima huiwezi, njia hii ya Cotswolds, eneo la mashambani, ndo yenyewe, unaanzia kijiji cha Bourton-on-the-Water unapita kijiji cha Lower Slaughter mpaka kijiji cha Upper Slaughter, kama kilomita 4 tu kwenda, kiingilio hamna, na kipande cha mwisho unakatiza malisho karibu na mto Eye, geti ukifungua lifunge. Nyumba za mawe rangi ya asali, kinu cha zamani bado kina gurudumu lake la maji. Ila Upper Slaughter ndo ilinikosha, vita vikuu vyote viwili vijana wao waliokwenda walirudi hai wote, jamani! Nyota moja nimekata sababu Bourton wikendi ni nyomi balaa na chai bei imechangamka, beba chapati zako. Mvua ikinyesha vaa gambuti.