Holga 120N: kamera ya plastiki inayokubali picha juu ya picha

Kamera ya Holga ilibuniwa Hong Kong na Lee Ting-mo, ikaingia sokoni mwaka 1982 ikiwa chombo cha bei nafuu kwa familia za kawaida. Toleo la 120N, ambalo nimelitumia kwa miaka miwili, hasa asubuhi katika soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, bado lina kasha la plastiki na lenzi ya plastiki ya milimita 60.

Mipangilio yake ni michache. Umbali huchaguliwa kwa kuzungusha lenzi hadi kwenye mojawapo ya michoro minne, kuanzia mtu mmoja hadi mlima, na kasi ya kilango cha mwanga ni moja tu, takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Swichi ya jua na wingu haibadilishi mengi, kwa hiyo mimi hurekebisha mwanga kwa kuchagua filamu kwa ISO yake, yaani namba ya wepesi wake wa kunasa mwanga: ISO 100 kwa jua kali la pwani, na ISO 400 mawingu yanapotanda.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kwamba kitufe cha kupigia hakifungamani na kirungu cha kusogeza filamu. Kamera nyingi hukataa kupiga tena mpaka filamu isogezwe, lakini hii hukuruhusu kubonyeza mara mbili au tatu mahali palepale. Siku moja nilipiga nyavu zilizoanikwa, kisha, bila kusogeza chochote, nikageukia tanga la mashua iliyokuwa ikiingia, na filamu iliposafishwa nikakuta tanga limeshonwa kwa nyuzi za wavu. Nimejifunza kwamba picha ya pili hukaa vizuri pale ambapo ya kwanza ilikuwa na giza, kwa sababu anga jeupe humeza kila kitu kinachowekwa juu yake. Ukipenda, unaweza pia kusogeza filamu nusu tu ya hatua, ukiacha kuzifuata namba za picha zinazoonekana katika kidirisha chekundu cha nyuma, na picha zikaungana kuwa ukanda mrefu wa ufuo mzima.

Pembe za picha huingia giza na kingo hukosa ukali, jambo linalovuta jicho katikati. David Burnett, mpiga picha wa habari wa Marekani, alipiga kwa Holga picha ya mgombea Al Gore katika kampeni ya urais ya Marekani ya mwaka 2000, na picha hiyo ikapata tuzo katika shindano la wapiga picha wa habari wa Ikulu ya Marekani.

Kasoro zipo, na mnunuzi azijue mapema. Kidirisha cha kutazamia huonyesha sehemu ndogo kuliko inayonaswa, kwa hiyo sogea karibu zaidi. Vibanio vya mfuniko wa nyuma huchomoka, na mwanga hupenya kwenye maungio. Mimi huyaziba kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme kila ninapoweka filamu mpya.

Studio moja iliwahi kunikatia ukanda wa ufuo vipande vipande, kwa kuwa fundi alitafuta mipaka ya picha 12 za kawaida za filamu hiyo, mipaka ambayo haikuwapo, na nilisikitika sana. Tangu hapo kila filamu ninayopeleka huambatana na karatasi yenye maneno mawili: tafadhali usikate.