Magazeti ya kutisha niliyookota mtumbani Kampala: uzoefu wangu

Nilikuwa natafuta betri ya saa tu. Karibu na Old Taxi Park, kijana mmoja alikuwa ametandika turubai kando ya njia na kupanga vitabu vya mtumba: Biblia, vitabu vya uhasibu, riwaya za mapenzi zisizo na majalada. Chini ya kamusi moja nene nikaona ukucha. Ukucha mrefu, mweusi, wa wino, umetokeza kwenye ukingo wa karatasi iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Nikachuchumaa. Magoti yalilalamika, lakini nikachuchumaa.

Yalikuwa magazeti saba ya katuni: matatu ya Creepy na mawili ya Tales from the Crypt ya kuchapwa upya, yote ya kutisha kutoka Marekani, na mawili ya Phantom, shujaa wa msituni, ya Indrajal, yale yaliyokuwa yakitoka India. "Mzee, hizo ni za watoto," kijana akaniambia, "chukua zote elfu themanini." Kama ni za watoto, mbona bei ya watu wazima? Tukavutana mpaka matano kwa elfu hamsini. Mawili ya Tales from the Crypt nikayaacha, kwa sababu nauli ya kurudi nyumbani nayo ni pesa.

Nianze na Phantom, maana huyu ananidai. Mimi ni mtoto wa reli, nimekulia kota za Tororo, ambako jirani huyu Mteso, yule Mjaluo, wa tatu Mnubi, na Kiswahili ndicho kilichotupikia chungu kimoja. Wahindi walipofukuzwa mwaka 1972, boksi la vitabu vya katuni lilifika nyumbani kwetu. Lilifikaje, baba hakusema, nasi hatukuuliza. Ndani ya kila jalada paliandikwa jina la mtoto kwa wino wa buluu, na darasa lake, la nne. Kaka yangu alijaribu kulifuta kwa mate, akatoboa karatasi.

Lee Falk, mwandishi wa katuni wa Marekani, alimbuni Phantom mwaka 1936 na kumpa pango lenye sura ya fuvu. Sisi tulijua pango lenyewe liko wapi: ndani ya Mwamba wa Tororo, upande ule usiopandika. Nchi yake katika Indrajal iliitwa Denkali, nami niliisaka kwenye atlasi ya shule kwa muhula mzima. Ukubwani ndipo nikajua kuwa kwa Wamarekani ni Bengalla, jina lilibadilishwa huko India. Nikimsoma leo, mzungu anayerithisha kiti chake msituni baba kwa mwana huku Waafrika wakimtii, ananikera kusema kweli. Kwenye michezo yetu hakuna aliyetaka kuwa Phantom hata hivyo. Tuligombania kuwa Guran, rafiki yake wa msituni, kwa sababu watu wake ndio waliokuwa na mishale ya sumu.

Lakini pesa yangu hasa nililipia Creepy, na hapo sijuti hata senti.

Magazeti haya yana kisa. Mwaka 1954 kamati ya Seneti ya Marekani ilikaa kuchunguza kama katuni za kutisha zinaharibu watoto, na William Gaines, aliyekuwa akiichapisha Tales from the Crypt, akaenda kujitetea mwenyewe. Mwaka huohuo wachapishaji wakajiwekea kanuni: wafu wanaotembea marufuku, wanyonya damu marufuku. Ikapita miaka kumi. Mwaka 1964 James Warren akatoa Creepy kwa umbo la gazeti kubwa, nyeusi na nyeupe, na kwa kuwa halikuhesabiwa kuwa kitabu cha katuni, kanuni ile haikulishika. Wachoraji wa Gaines wakarudi kazini: Reed Crandall, Al Williamson, Jack Davis. Frank Frazetta akawa anapaka majalada kwa rangi za mafuta, misuli na ukungu.

Ukurasa mmoja nimeukalia jioni nzima. Ngazi ya mawe inashuka, mtu ameshika taa. Robo tatu ya picha ni wino mtupu, na mchoraji ameacha weupe mahali pachache tu: kingo za ngazi, kifundo cha mkono, nusu ya jicho. Ukiusogeza karibu na uso, mistari ya kalamu imelala sambamba kama ukili unaosukwa. Ukiuweka mbali, ukili umekuwa ukuta wenye unyevu. Na kile kilichoko chini ya ngazi hakikuchorwa kabisa. Pale pana weusi, basi. Utotoni, kwa koroboi, nilikuwa naweka kidole juu ya weusi wa namna hiyo kabla ya kufunua ukurasa, kana kwamba nakizuia kisipande. Juzi umeme ulikatika nikiwa palepale, nikawasha mshumaa. Sitawaambia kidole changu kilikuwa wapi.

Sasa malalamiko. Pini za magazeti zilikuwa zimeliwa na kutu, nikayapeleka Nasser Road yakashonwe upya. Mtaa wenyewe unafurahisha kwa mtu mwenye ugonjwa kama wangu: mabango ya marais na wapiganaji yananing'inia mlangoni, mizinga inalipuka kwa rangi nyekundu na njano, Frazetta angejisikia nyumbani. Fundi alinishonea kwa uzi vizuri sana, mgongo umekaza. Kisha, bila kuniuliza, akayatia kwenye mashine ya kukatia karatasi ili kingo ziwe sawa.

"Fundi," nikamwambia, "ukucha uko wapi?"

Akatazama chini, kwenye vipande. Akanipunguzia elfu tano. Kwa hiyo lile gazeti lililoniita kutoka chini ya kamusi sasa lina kidole kisicho na ncha, na kila nikilifungua jicho langu linakwenda hapohapo kwanza. Wewe ukienda kushonesha, simama pembeni mpaka mwisho, na useme mapema kuwa hutaki kukatiwa.

Kwa muuzaji sina neno. Hakuficha kurasa zilizochanika, alinifungulia moja moja. Harufu ya unyevu ilitoka baada ya siku mbili za kuanika kivulini. Usianike juani, karatasi itakuwa kama chapati ya jana. Mjukuu wangu amelisoma gazeti moja akasema halitishi, ila usiku aliomba mlango uachwe wazi.

Yale mawili niliyoyaacha bado yapo, nilipita Ijumaa nikayaona. Moja lina hadithi ya Graham Ingels, yule mchoraji aliyekuwa akitia saini Ghastly, yaani wa kutisha, na kuchora vikongwe wenye nyuzi za mate kutoka jino hadi jino. Kijana wa turubai ameyasogeza chini ya kamusi kwa ombi langu. Nitarudi mwisho wa mwezi. Ukipita hapo kabla yangu, tafadhali nunua Biblia.