Windows 11 Home au Pro? Ninazo zote mbili, nawapa ninachokiona

Nina kaduka ka steshenari, na watu wanaamini mwenye kompyuta tatu anajua kila kitu, kwa hiyo haipiti wiki sijaulizwa "bro nichukue Home au Pro?" Sasa laptopu yangu ya nyumbani ina Home na mashine ya dukani ina Pro, mwaka na nusu huu, ngoja nimwage.

Kwanza futa hii habari kwamba Pro ina spidi. Haina. Word ni ileile, gemu ni lilelile, muvi ni ileile, ndani ni kitu kimoja ila Pro imefunguliwa baadhi ya milango ambayo Home imefungiwa. Atakuja mjuaji akwambie Home mwisho RAM GB 128 wakati Pro inafika TB 2, ni kweli kabisa, sasa wewe na GB 8 zako zinakuhusu nini hizo?

Mimi kilichonifanya niitake Pro ni Remote Desktop basi. Nakaa nyuma ya duka, wifi ni moja, usiku nikiwa kwenye kochi naingia kwenye mashine ya dukani namalizia kazi ya mteja kama vile nimekaa mbele yake. Na hapa watu wengi wanatoa hela mara mbili bure: Home inaweza kuingia kwenye Pro vizuri tu, isichoweza ni kuingiliwa, kwa hiyo Pro unaiweka kwenye ile mashine moja unayoifuata, sio zote. Na kama unataka tu kumsaidia mama yako kijijini printa imemgomea, AnyDesk, programu ya kuingia kwenye kompyuta ya mtu ukiwa mbali, inakutosha, matumizi binafsi ni bure. Umeme ukikatika dukani zote hazikusaidii.

Mambo ya Hyper-V, Sandbox, Group Policy, kuunga mashine kwenye domeni ya ofisi, hayo mtu wa IT anayajua na wala hasomi hapa. Apdeti nazo, Home unazisimamisha wiki 5 tu kisha zinakuja kwa nguvu, Pro unaahirisha toleo jipya mpaka siku 365. Ila kama tatizo lako ni bando, nenda kwenye setingi za wifi washa "metered", hata Home ipo, itaacha kukunyonya hovyo.

Sasa kuna hili la usalama, nataka tulizungumze vizuri maana limeshaliza watu. Pro ina BitLocker, kufuli la diski ili asiye na funguo asisome vitu vyako, unaiendesha mwenyewe, hata flashi unaifunga. Home haina hiyo, lakini ina mdogo wake, Device Encryption, na kwenye laptopu mpya nyingi inajiwasha yenyewe ukiingia na akaunti ya Microsoft, hujaulizwa wala hujaambiwa. Funguo ya tarakimu 48 inahifadhiwa kwenye hiyo akaunti. Shida ni kwamba bongo laptopu inafunguliwa na muuzaji, na muuzaji anaweka imeili YAKE ili akumalizie haraka uondoke! Siku umeapdeti BIOS, ile programu ya ndani inayoiamsha mashine kabla ya Windows, skrini ya bluu inataka tarakimu 48, funguo iko kwa jamaa ambaye ameshabadilisha namba ya simu. Mteja wangu mmoja yalimkuta, picha za miaka zikaenda, tukafomati tu. Kwa hiyo iwe Home iwe Pro, ikifika mkononi weka akaunti yako na uichape hiyo funguo kwenye karatasi.

Bei. Kutoka Home kwenda Pro kwenye stoo ya Microsoft ni dola 99, kama robo milioni hivi. Mimi nikajifanya mjanja nikachukua ya elfu thelathini kwa fundi, siku ileile ikasema "activated" nikamuona fundi ni malaika. Haijafika miezi saba, pale chini kulia yakatokea yale maandishi ya kudai leseni. Kumbe alinipigia ya KMS, ile ya maofisini ambayo inahesabu siku 180 na inatakiwa ijihuishe kwenye seva ya ofisi, sasa mimi seva ya ofisi naitoa wapi? Nikalipa dola 99 nikiwa nimenuna. Nilipewa elfu thelathini yangu? Thubutu.

Kupima ni rahisi, fungua Command Prompt andika slmgr /xpr, ikisema "permanently activated" vizuri, ikikutajia tarehe ya kuisha jua umepigwa.

Na kabla hujalipa chochote, angalia unayo nini. Hizi used za ulaya, ThinkPad, Latitude, EliteBook, zilikuwa za makampuni, nyingi zimekuja na Pro kutoka kiwandani na leseni imekaa kwenye mashine yenyewe, ukiinstoli upya Pro inajitambua ikipata intaneti. Nimeona mtu analipia Pro wakati anayo tayari. Nenda Setingi, System, About, soma pale kwenye Edition, halafu mwambie muuzaji aiwashe mbele yako upige slmgr hapohapo kaunta. Akisema betri imeisha, mwambie achomeke chaja, unasubiri.