Vitu vya ukili vya kununua Unguja na Pemba, tukianza na kinachostahili pesa zaidi

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu cha ukili, yaani msuko mrefu wa majani makavu, nunua mkeka wa ukindu. Ukiwa nayo ya viwili, ongeza kawa, mfuniko wa chakula. Kikapu cha miyaa ni cha tatu, na baada yake mpangilio unategemea zaidi nyumba yako ilivyo. Tumepanga kwa kuangalia mambo matatu: kitu kinatumika mara ngapi kwa wiki, kinadumu kiasi gani kikitunzwa, na kinapendeza vipi baada ya mwaka, si siku ya kununuliwa. Rangi tumeiweka nyuma kwa makusudi. Rangi ndiyo inayomvuta mnunuzi mbele ya duka, na ndiyo ya mwanzo kupotea.

Jua jani kwanza. Ukindu unatoka kwenye mkindu, ambao huota zaidi penye maji maji. Kuti hukatwa likiwa changa, bado limejifunga, na ndiyo sababu likikauka linakuwa jeupe na laini. Miyaa inatoka kwenye mwaa: jani pana, gumu, lenye nguvu. Ukindu ni wa kulalia na kutazama, miyaa ni ya kubebea na kuburuta. Kuvitofautisha si kazi: zungushia chane moja, yaani ukanda mwembamba wa jani, kwenye kidole cha shahada. Ukindu mzuri unakizunguka kidole bila kulia wala kupasuka. Miyaa inakataa, inataka kurudi ilivyokuwa. Jani lililokauka kupita kiasi, liwe la ukindu au la miyaa, litakatika hapo hapo, na kitu kilichosukwa kwalo kitaanza kuota manyoya kwenye kingo kabla ya muda.

Jani likishakauka linachanwa chane, chane zinasukwa ukili, na ukili unashonwa ubavu kwa ubavu mpaka utoke mkeka, kawa au kikapu. Kwa hiyo unakagua mambo mawili tu, ukili wenyewe na mshono unaouunga. Wanunuzi wengi hutazama ukili na kuusahau mshono, ilhali mkeka hufunguka mshononi kabla ukili haujachakaa.

1. Mkeka wa ukindu

Hapa ndipo pesa yako iende. Mkeka mmoja unatandikwa barazani alasiri, unalaliwa usiku wa joto, unakaribishia wageni, na ukiwa umesukwa vizuri unaweza kuushinda umri wa kochi.

Bei ya haki ipimwe kwa kazi iliyomo. Ukili hupimwa kwa pima, na pima moja ni kama futi 6. Chukua mkeka wa futi 4 kwa 6. Ukili ukiwa na upana wa sentimita 4, unahitaji safu 30 hivi kuujaza, kila safu ya futi 6, yaani pima 30. Ukili ukiwa na upana wa sentimita 8, pima 15 zinatosha, na mishono inapungua nusu. Upana peke yake hautoshi kuhukumu. Hesabu na chane zilizomo: ukili wa sentimita 8 uliosukwa kwa chane za milimita 3 ni kazi kubwa kuliko ukili wa sentimita 4 wa chane nene. Kwa mkeka wa kulalia tafuta chane za milimita 2 mpaka 4. Zikifika milimita 6 mkeka utaacha alama mgongoni na vumbi litakaa kwenye mapengo. Mwulize mwenyewe aliyesuka: "Bi, huu umekwenda pima ngapi, na ukili wake wa chane ngapi?" Msukaji atakujibu mara moja. Mchuuzi atazungumzia rangi.

Baada ya hapo uinue mkeka mbele ya mwanga. Kati ya safu na safu usione mistari ya mwanga iliyonyooka. Nukta ndogo ndogo hazina ubaya. Mstari mrefu maana yake ni kwamba ukili ulishonwa kabla haujakauka sawasawa, ukanywea ukiwa tayari umeungwa, ukaacha nafasi. Nafasi hiyo haitaziba, itaongezeka. Geuza upande wa nyuma uangalie uzi wa mshono. Ulioshonwa kwa jani lenyewe unachakaa pamoja na mkeka. Uzi wa nailoni mwembamba unafanya kama kisu, kila unapoukunja mkeka unakata chane za pembeni kidogo kidogo. Nailoni nene iliyolegea kidogo inavumilika.

Pindo lizunguke pande zote na liwe limeshonwa mara mbili kwenye pembe. Pembe ndiyo inayokanyagwa na kuvutwa. Pembe iliyopindwa mara moja tu ikaachwa, usiipokee hata ukipunguziwa bei.

Sasa rangi. Chane nyingi leo hutiwa rangi ya unga, zikachemshwa kwenye sufuria kabla ya kusukwa. Zikitolewa mapema, rangi inabaki juu juu, na mwenye kanzu nyeupe akikaa na jasho lake ataondoka na waridi au kijani. Lowesha kitambaa cheupe, kikamue, sugua sehemu nyekundu na kijani kwa kuhesabu mpaka kumi. Kupaka kidogo kwa mara ya mwanzo ni kawaida kwa mkeka mpya. Kitambaa kikipata rangi na mara ya pili, acha. Halafu sogeza chane mbili kwa ukucha pale zinapopishana. Sehemu iliyofichika iwe na rangi ile ile. Ikiwa nyeupe, mkeka ulipakwa rangi baada ya kusukwa, na utachubuka kama ukuta uliopigwa chokaa nyepesi. Nyeusi ya zamani ilitoka kwenye mizizi ya mdaa, na ukibahatika kupata mkeka wa namna hiyo usisite: ni nyeusi yenye ukahawia, tulivu, inayokaa vizuri na jani jeupe. Njano ya manjano ya jikoni inapendeza sana mwanzoni lakini jua linaila upesi.

Ushauri wetu kwa mkeka wa kwanza ni jani jeupe kwa wingi, na rangi moja au mbili za mistari. Jani jeupe linageuka rangi ya asali taratibu kadiri miaka inavyokwenda, na mistari michache inaendelea kuonekana. Mkeka wa rangi sita unapofifia, unafifia kila rangi kwa kasi yake, na nakshi yote inachanganyika.

Mkeka wa plastiki una mahali pake. Jikoni, penye watoto wadogo wanaokojoa, na nje penye mvua, nunua huo. Chumbani hauna hewa, unapata joto na unanata mwilini.

2. Kawa

Hakuna kitu cha bei ndogo kinachobadilisha meza kama kawa zuri juu ya sinia. Na kazi yake ni ya kweli: mvuke unapenya kwenye ukili, kwa hiyo chapati na mikate ya kumimina haitoki jasho kama chini ya mfuniko wa bati, na nzi hawafiki.

Kosa linalorudiwa ni la kipimo. Watu hununua kawa kwa macho, wakifika nyumbani linakaa juu ya ukingo wa sinia badala ya kulizunguka. Pima sinia lako kutoka ukingo mpaka ukingo, ongeza sentimita 4, hicho ndicho kipenyo cha ndani cha kawa unalotaka. Kwa kimo, pima chakula chako kikubwa kilichorundikwa, pilau ya wageni kwa mfano, na uongeze sentimita 5 kwenda juu.

Dukani liweke kawa sakafuni. Mdomo wote uguse chini bila kuyumba. Weka kiganja juu ya ncha, bonyeza polepole, achia: lirudi lilivyokuwa. Likibaki limebonyea, mzunguko wa chini ni dhaifu au jani bado lina maji. Ndani lisiwe na rangi inayotoka, kwa kuwa mvuke wa wali ni kipimo kikali kuliko kitambaa chako cheupe. Ukiwa na wasiwasi chagua lenye rangi nje tu na jani tupu ndani.

3. Kikapu cha miyaa

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, lakini kikapu kilikuwepo kabla ya hayo yote na bado ndicho kinachobeba samaki, ndizi na viazi kwa pamoja bila kulalamika.

Angalia mishikio kabla ya kitu chengine. Mshikio bora unashuka ubavuni, unapita chini ya kitako na kupanda upande wa pili, hivyo mzigo unakaa juu ya kamba. Ulioshonwa mdomoni tu unabebwa na uzi wa mshono, nao utang'oka siku utakapokuwa mbali na nyumbani. Kamba ya usumba, ile ya makumbi ya nazi yaliyozikwa ufukweni kwa miezi kisha yakapondwa, haiogopi maji lakini inakwaruza mkono. Ifunikwe kwa ukili au kitambaa pale unaposhika. Mwombe muuzaji akutilie kilo 5 za kitu chochote, uinue, utikise mara tatu. Kitako kikitokeza duara kubwa, safu za chini zimeshonwa kwa hatua ndefu mno.

Kikapu cha samaki kiwe peke yake. Hakuna namna ya kuitoa harufu ile kwenye miyaa.

4. Msala

Huu ni mkeka wa kusalia, na sentimita 65 kwa 120 zinamtosha mtu mzima wa kimo cha kawaida. Vipimo vyote vya mkeka vinahusika, na ongeza kimoja: pitisha kiganja pale paji la uso litakapogusa. Ncha za chane zilizokatwa vibaya zinachoma, na zinakuwa upande wa juu mara nyingi kuliko inavyopasa. Msala wa ukindu mweupe mtupu ni zawadi nzuri sana ya harusi, na hauhitaji kujua rangi za chumba cha mtu.

5. Kifumbu na kipepeo

Hivi ni vya bei ndogo, nunua tu. Kifumbu cha kukamulia tui kiwe cha jani lisilotiwa rangi hata kidogo. Kioshe palepale unapomaliza, kwa maji ya uvuguvugu, ukigeuze ndani nje na ukitundike, kwa sababu mafuta ya nazi yakikaukia kwenye ukili yanachacha na tui la kesho litanuka. Kipepeo cha jiko la makaa kiwe na kijiti kilichoingia mpaka katikati ya jani. Kijiti cha ukingoni kinavunjika.

6. Mapochi yenye zipu na bitana

Yanavutia kwenye maduka ya Mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe, na baadhi yameshonwa kwa ufundi. Tumeyaweka chini kwa sababu moja: ukili hautaki kupindwa pahala pamoja kila siku, na zipu inaulazimisha kufanya hivyo. Sehemu ya kupasuka ni pembeni mwa zipu, na haitengenezeki. Ukipenda pochi, chukua lililofungwa kwa kifungo na kitanzi. Kagua pia kama rangi ya upande uliotazama nje ya duka ni sawa na ya upande wa ukutani. Kilichoning'inia juani muda mrefu kimeshazeeka kabla hujakilipia.

Pakacha hatukuliingiza kwenye mpangilio. Ni kuti bichi la mnazi lililosukwa kwa ajili ya safari moja ya maembe, na kwa hilo halina mpinzani.

Wapi, lini, na namna ya kuagiza

Darajani na Mwanakwerekwe kwa Unguja, masoko ya Chake Chake na Wete kwa Pemba. Nunua kiangazi au kipupwe. Kitu kilichosukwa katikati ya masika mara nyingi kina jani ambalo halikupata jua la kutosha. Kinuse ndani ya mkunjo, harufu ya udongo mbichi ni ukungu unaoanza. Vitundu vidogo vyenye ungaunga ni wadudu, na hao wataingia mpaka kwenye vitu vyako vyengine.

Nyumbani, viringisha mkeka, usiupinde. Mpya uliokaza unyunyizie maji kidogo, uache nusu saa, ndipo uutandaze. Uchafu unaufuta kwa kitambaa kilichokamuliwa na sabuni kidogo, kisha unauanika kivulini penye upepo, pande zote mbili. Kwenye nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe usitundike mkeka ukagusa ukuta: kuta zile zinavuta maji kutoka chini. Weka vibao viwili vya unene wa sentimita 2 nyuma yake ili hewa ipite.

Ukitaka kipimo chako mwenyewe, kawa la sinia fulani au mkeka wa kona fulani ya baraza, usipeleke namba peke yake. Peleka uzi. Funga fundo kwenye urefu, fundo jengine la rangi tofauti kwenye upana, na umwachie msukaji uzi huo mpaka kazi iishe. Agiza kabla ya Rajabu ikiwa unataka kitu kiwepo Ramadhani, na toa sehemu ya pesa mapema, maana ukindu unanunuliwa na kuanikwa kabla ya chane ya kwanza kusukwa.